R Yenye Kiatu

Shinyanga,
Jumatatu, 8 Juni 1981

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Siku uliponiachia funguo za gereji ulisema, "Niandikie kila kitu, hata kosa. Hasa kosa." Basi leo naahidi kwa maandishi kwamba nitakueleza kila kitu bila kupunguza, na ukiona nimeruka jambo uniulize, nami nitajibu.

Bibi Chausiku ni mzima, anakusalimu. Anasema kule Geita usinywe maji bila kuyachemsha. Mama bado yuko Kahama. Hatujapata barua yake tangu nifunge shule, na kesi ya Mjomba Maganga imeahirishwa tena. Huu ni mwezi wa nne yuko mahabusu kwa ajili ya lile gari la zahanati. Bibi anasema kama angekuwa ameliuza angalau angekuwa amenunua viatu.

Sasa kazi. Jana asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilifunua turubai na kuitazama Landrover ya Bwana Jilala kwa mara ya kwanza. Buluu yake imeiva vizuri, Baba. Kwa mbali inapendeza sana. Kwa karibu boneti ina vipele vidogo vidogo, na kwenye paa kuna vumbi lililogandia rangi ilipokuwa mbichi. Nimebonyeza kwa ukucha pale ndani ya fremu ya mlango, mahali pasipoonekana, kama ulivyonifundisha. Ukucha hauachi alama. Nadhani rangi imekomaa.

Vifaa nilivyokuta: msasa wa maji namba 600 karatasi tatu, namba 1000 karatasi mbili, namba 1200 moja na nusu. Kuna kibao ulichokata kwenye kandambili, kopo la kampaundi ya kung'arishia likiwa nusu, sponji ya godoro, flana mbili, na ile ngozi ya kondoo yenye manyoya. Sabuni ni robo mche tu, na madukani haipo. Bibi ameleta furushi la pamba kutoka kwa jirani anayefanya kazi kiwanda cha kuchambulia. Anasema hakuna kitu laini kuliko pamba.

Naomba unieleze: nianze na 600 au 1000? Baada ya msasa nitumie sponji, flana au manyoya? Sitaki kubahatisha kwenye gari la mtu.

Na lile jambo la kibao cha gereji, Baba, sikukumbushi. Nimeona tu kwamba baada ya neno SABITI pamebaki nafasi ya kutosha maneno mawili, NA BINTIYE.

Mwanao mtiifu,
Mwaisha Sabiti

*

Geita,
Alhamisi, 11 Juni 1981

Mwanangu Mwaisha,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa kondakta. Nimeisomea kwa Melania, mama mmoja anayeuza chai hapa stendi, ndipo ninapokunywa chai kila asubuhi. Nilimsomea na yeye pale uliposema hutaki kubahatisha. Akasema huyo binti mpe gereji yote.

Sikiliza. Namba 600 iache kabisa, hiyo ni ya rangi ya msingi. Kwenye rangi mpya itakula mpaka chini. Loweka 1000 usiku kucha kwenye maji yenye sabuni kidogo, asubuhi izungushie kwenye kibao cha kandambili, na usisugue kwa vidole vitupu maana vidole vinachimba mifereji. Sugua kwa mstari, kutoka mbele kwenda nyuma, usizungushe. Mimina maji muda wote. Kila ukipita mara tano futa, uangalie. Palipobaki vitone vinavyong'aa bado kuna bonde, palipofifia pote pamesawazika. Hapo hapo uache. Halafu 1200 kuondoa mikwaruzo ya 1000.

Kingo na mikunjo ya gari usiiguse kwa kibao. Rangi pale ni nyembamba.

Kung'arisha: kwanza sponji na kampaundi, taratibu, sehemu ndogo ndogo isiyozidi sinia. Sponji ikishamaliza, ndipo manyoya ya kondoo. Manyoya yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Watu wanadhani ni laini kumbe ndiyo yanayochoma rangi. Mwisho flana kavu. Pamba ya Bibi irudishe. Ile ya kiwandani ina vipande vya mbegu, itakuchorea ramani.

Jambo moja la kushika. Mlango wa kushoto usipitishe karatasi ya msasa hata mara moja. Wala sponji, wala manyoya. Futa kwa flana tu, basi. Rangi ya pale nilipuliza mkono mmoja, yaani tabaka moja tu, ni nyembamba mno.

Mimi nipo kwenye ua wa Bwana Jilala, napuliza malori yake mawili. Kazi ni nyingi.

Kibao nimekisikia.

Baba yako,
Sabiti

*

Shinyanga,
Jumapili, 14 Juni 1981

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naanza na kosa kama nilivyoahidi. Barua yako ilichelewa siku moja, na katika siku hiyo Bibi alinishawishi nijaribu pamba kidogo tu kwenye kona ya bampa ya nyuma. Ilichora ramani. Nimesugua ramani hiyo kwa 1200 na sasa imebaki kijito kimoja tu. Bibi amesema kosa ni la kiwanda, si la pamba.

Boneti imekamilika! Nilifuata kila neno. Nilikuwa nahesabu mpaka tano kwa sauti hata fundi baiskeli wa upande wa pili akauliza kama nafundisha watoto. Ilipofifia yote nilitaka kulia, kwa sababu ilionekana kama nimeiharibu, kijivu kama ubao wa shule. Kisha sponji. Kisha manyoya. Baba, nimeona meno yangu kwenye boneti. Nimeona mpaka pengo.

Paa na mlango wa kulia pia tayari. Mlango wa kushoto nimeufuta kwa flana tu. Lakini naomba kuuliza. Gari zima sasa linang'aa isipokuwa mlango huo mmoja, nao una vipele vingi kuliko sehemu zote. Mtu akilitazama kutoka upande ule atasema fundi alichoka. Umesema ulipuliza mkono mmoja. Kwa nini mkono mmoja pale, na mikono mitatu kwingine? Na mbona unaonekana mnene? Ukilaza shavu na kuutazama kwa pembeni, kuna miinuko, kama kitu kimelala chini ya shuka.

Naomba unielekeze.

Mwanao,
Mwaisha

*

Geita,
Jumatano, 17 Juni 1981

Mwaisha,

Marahaba. Umefanya vizuri boneti.

Mlango wa kushoto achana nao. Chini yake niliweka puti ya kuziba mabonde, na puti haijakauka sawasawa, ndiyo maana unaona miinuko. Ukisugua itafunguka yote. Lifunike gari turubai na usiite watu kuja kulitazama. Wala fundi baiskeli.

Donatus, dereva wa Bwana Jilala, atakuja kulichukua Jumamosi ya tarehe 27. Mpe funguo, asiingie ndani kwa Bibi.

Fanya masomo yako pia.

Sabiti

*

Kahama,
Alhamisi, 18 Juni 1981

Kwa mwanangu Mwaisha,

Ng'wanawane, hujambo? Mimi mama yako sijambo, miguu tu inavimba kwa kukaa kwenye benchi la mahakama. Samahani kwa mwandiko, naandikia magotini.

Kesi imepangwa Jumatatu tarehe 29, na safari hii hakimu amesema haiahirishwi. Mjomba wako ameeleza tena vilevile: ametoka kumpeleka mama mjamzito hospitali, jioni anarudi Runzewe, akakuta gogo barabarani msituni, akashuka kuliondoa, majambazi wakamkamata na kumfunga kwenye mti na gari likaenda. Mahakamani wakamuuliza tena, mbona huna jeraha? Akajibu, waheshimiwa, mimi nilikaa kimya, ningepigania nini nao walikuwa watano? Watu wakacheka. Sasa wanasema kukosa jeraha ndiyo ushahidi.

Wakili hatuna. Karani mmoja mwenye huruma ameniambia, "Mama, lipatikane gari lenyewe au hata kipande chake mikononi mwa mtu mwingine, ndugu yako anatoka. Lisipopatikana ni miaka." Hakusema mingapi, akaangalia pembeni.

Mjomba amekonda lakini mdomo wake haujakonda. Nikimpelekea ugali ananiuliza, "Mwalimu wangu wa R hajambo?" Anasema askari wa zamu naye ni Msukuma, kwa hiyo anamfundisha kusema rangi, reli, redio, ili muda upite.

Muombee. Msalimie Baba yako ukimwandikia, na umwambie anaweza kunipatia hata mistari miwili. Tangu mwezi wa tano hajaniandikia, sijui nimemkosea nini.

Mama yako,
Mbuke

*

Shinyanga,
Jumapili, 21 Juni 1981

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na Bibi nimemsomea mara moja bila yale maneno ya karani, maana moyo wake unapiga haraka siku hizi.

Mwambie Mjomba mwalimu wake wa R hajambo, na kwamba neno "mahakama" halina R, kwa hiyo asiogope. Namkumbuka kila siku.

Usimfikirie vibaya Baba, ana kazi nyingi Geita kwa Bwana Jilala, hata kwangu barua zake zimekuwa fupi. Mimi nakamilisha gari la bwana huyo hapa gerejini. Nataka Baba akirudi asiwe na la kusema. Umebaki mlango mmoja ambao amekataza kupitisha karatasi ya msasa. Nimemweleza Bibi shida yangu naye amecheka sana. Amesema, "Mwanangu kakataza karatasi. Amekataza jani?" Kisha akanipeleka nyuma kwa seremala Maduhu na kunionyesha mti mdogo ambao nimeupita maisha yangu yote. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Bibi anasema huo ndio msasa wenyewe. Kwao Ujiji maseremala walilainishia milango kwa majani hayo, na karatasi ilipokuja ikaiba jina. Jani ni pole kuliko namba 1200. Tumeyakausha kivulini siku mbili, na leo jioni nayaloweka.

Kesho mlango wa kushoto utang'aa kama wenzake, na sitakuwa nimepitisha karatasi hata moja. Baba akiuona ataandika maneno mawili kwenye kile kibao, nina hakika.

Mwanao,
Mwaisha

*

Shinyanga,
Jumatatu, 22 Juni 1981

Baba,

Shikamoo.

Nimepitisha jani la msasa kwenye mlango wa kushoto. Karatasi haikupita.

Maji yalikuwa yanatoka ya buluu. Halafu yakatoka mekundu. Nilidhani nimejikata, nikaangalia vidole vyote kumi na sikuona damu.

Baba, hakuna puti. Kuna maandishi. Unayajua ni maandishi gani, kwa sababu nilipokusimulia habari zake ulicheka mpaka ukamwaga chai.

Njoo. Tafadhali njoo wewe mwenyewe, usimtume Donatus.

Mwaisha

*

Geita,
24 Juni 1981

Mwanangu Mwaisha,

Barua yako nimeipata. Yule anayekuletea hii ni Donatus. Bwana Jilala ameona heri gali lichukuliwe mapema badala ya Jumamosi. Mkabidhi gali pamoja na funguo. Usiseme naye maneno mengi. Mlango ni kama nilivyokueleza, hakuna zaidi.

Mimi ni mzima, nipo hapa uani, sitatoka mpaka malori yaishe.

Fanya kazi kama nilivyokufundisha, kila kitu na mahali pake. Salamu kwa Bibi.

Baba yako,
Sabiti

*

Shinyanga,
Alhamisi, 25 Juni 1981

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua hii siipeleki uani kwa Bwana Jilala. Naipeleka kwa Melania pale stendi, nimeandika juu "mkononi mwa Fundi Sabiti anayekunywa chai asubuhi". Kama hawakuachii hata kutoka kunywa chai, basi Mungu atamwonyesha Melania njia ya kukufikia.

Niliahidi kukueleza kila kitu. Sikujua siku ile naahidi nini, lakini nimeahidi.

Jumatatu alfajiri nilianza kusugua mlango kwenye kona ya chini. Nilipita mara tano nikafuta, mara tano nikafuta. Maji yalipokuwa mekundu nilisimama, kama nilivyokwambia. Nikamwaga maji safi. Chini ya buluu palikuwa na kitu kama mkia wa herufi. Nikasema moyoni labda ni jina la mwenye gari wa zamani, magari yote yana wenyewe wa zamani. Nikaendelea kidogo kushoto. Ikatoka A, kisha W, kisha J. Nilikuwa naisoma kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo. WAGONJWA. Hata hapo, Baba, moyo wangu ulikataa. Zahanati ni nyingi.

Nikasogea kwenye neno la kwanza.

Nataka niandike jambo hili vizuri, kwa sababu huenda nikaombwa kulisema mbele ya watu. Likizo ya mwaka juzi nilikwenda Runzewe. Mjomba alikuwa ameinama kando ya gari la zahanati na kopo la rangi nyekundu ya mafuta na brashi ya kupakia milango. Kwenye mlango wa kushoto alikuwa amemaliza kuandika GALI LA WAGONJWA. Nikamwambia, "Mjomba, ni gari, si gali." Akasimama, akatazama, akasema, "Kwani mimi nimeandika nini?" Nikamsomea. Akasema, "Ebo! Mbuke ameolewa kwa Waswahili, sasa mwanawe anakuja kuninyang'anya ulimi." Lakini alicheka. Hakutaka kufuta, maana rangi ilikuwa chache. Akaifunga ile L kichwani, akaiongezea mguu wa mshazari, ikawa R. Kile kijiti cha chini cha L kikabaki kimejitokeza mbele. Akarudi nyuma hatua tatu akasema, "Tazama, R yangu imevaa kiatu. Za kwenu zinatembea pekupeku." Tangu siku hiyo akaniita mwalimu wake wa R.

Jumatatu, mnamo saa moja asubuhi, R yenye kiatu ilitoka chini ya jani langu.

Nilikaa chini kwenye matope ya sabuni. Bibi alipotoka akadhani nimeanguka. Nikamwonyesha kwa kidole. Bibi hajui kusoma, lakini kiatu anakijua, nilipokusimulia naye alikuwepo. Alikaa nami kwenye matope, mama mzima, na kanga yake safi. Akasema neno moja tu, "Mbuke." Hakusema Maganga, hakusema Jilala, wala hakukutaja wewe. Alimtaja Mama.

Siku mbili sikula vizuri, nikisubiri uje. Leo saa tano akaja Donatus.

Alisimama mlangoni na bahasha yako. Haikuwa imebandikwa. Barua zako zote za maisha yangu, Baba, ulizibandika kwa ugali. Akasema, "Wewe ndiye fundi?" Nikasema, "Mimi ndiye." Akacheka, "Shinyanga mmeishiwa wanaume?" Bibi akamjibu kutoka barazani, "Wamekwenda Geita kuchimba shimo la mwenzao. Hujambo, mjukuu wangu? Mbona huamkii?" Akaamkia kwa aibu, "Shikamoo Bibi." Akaongeza, "Mzee wenu anawasalimu. Siku hizi chai tunampelekea uani, asipoteze muda stendi."

Niliisoma barua yako nimesimama. Niliisoma tena. Mimi nimefundishwa kuangalia herufi, wewe ndiye wa kwanza kunifundisha, kabla sijaanza shule, kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Katika barua zako zote umeandika gari. Hata ile ya haraka ya tarehe kumi na saba umeandika gari. Katika hii, kwa mwandiko wako uleule, umeandika gali, mara mbili. Wewe si Msukuma, Baba. Ulimi wako hauna shida na R.

Nikamwambia Donatus, "Funguo zipo, lakini betri iko kwa mwenye kuchaji, na leo umeme umekatika." Hilo la umeme lilikuwa kweli. La betri nilidanganya. Betri ilikuwa chini ya kiti alichokalia Bibi, na Bibi alikuwa ameshusha kanga mpaka chini. Nimeandika hapa uongo wangu kwa sababu niliahidi kuandika makosa.

Akataka kuliona gari. Nikafunua upande wa kulia. Aliona sura yake, akachana nywele. Akasema, "Dada, umeling'arisha kweli, Bwana atafurahi." Akaanza kuzunguka kwenda kushoto. Nikamwambia, "Huko hakuna mlango. Nimeung'oa, rangi yake haijakomaa, nimeuanika ndani kwa Bibi." Akachungulia, akaona uwazi. "Gari bila mlango nitaendeshaje mpaka Geita?" Bibi akasema, "Ndiyo uje Jumamosi, mlango uwe umekauka. Au unataka kuingia chumbani kwa mwanamke mzee kuupapasa?" Akaondoka. Anarudi keshokutwa asubuhi na Bwana Jilala mwenyewe.

Mlango niliung'oa jana. Bawaba zake ni pini mbili tu na mkanda mmoja, nilitumia spana yako ndogo. Baada ya hapo, Baba, nilivunja agizo lako waziwazi. Nilichukua 1200 mpya, nikaizungushia kwenye kibao cha kandambili, nikapita kwa mstari kutoka mbele kwenda nyuma, nikimimina maji muda wote. Sikuzungusha. Sikugusa kingo. Nilisimama kila baada ya mara tano. Ilinichukua mchana mzima kwa sababu nilitaka kuiondoa buluu bila kula wekundu wa chini yake. Sasa maneno matatu yote yanaonekana na hakuna herufi iliyokatika. Sikutia kampaundi wala sikuyang'arisha, ila nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Na katika kufanya kazi hiyo nikaona jambo jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi.

Wewe hupaki rangi juu ya rangi. Ulinipiga kidogo nilipokuwa darasa la tano kwa kupaka stuli bila kuiparuza. Nikaangalia mlango wa kulia, ndani ya mkunjo: umeparuzwa mpaka kwenye bati, ukawekwa rangi ya msingi, ukapulizwa mikono mitatu. Boneti vilevile. Paa vilevile. Mlango wa nyuma vilevile. Gari zima umelivua nguo kabisa, kama unavyofanya siku zote. Ni mlango wa kushoto peke yake ambao hukuugusa. Hukupitisha hata 600. Ulipuliza buluu juu ya herufi za Mjomba kama zilivyo, na kisha ukaniandikia mara mbili, kwa sababu mbili tofauti, nisipitishe msasa pale.

Mtu anayetaka kulificha gari angeanza na mlango ule. Hilo hata mimi nalijua. Lakini mtu asiyetaka kulificha asingelipaka kabisa. Angekwenda Kahama, siku ileile, akamwambia Mama. Mama ambaye miguu inavimba kwenye benchi, na anauliza amekukosea nini.

Nimegeuza jambo hili kama unavyogeuza flana kutafuta upande safi. Kuna saa naona ulishikwa, ukafanya ulichoweza, ukaacha mlango mmoja mzima ili siku moja aonekane mwenye gari. Kuna saa naona ulikuwa na haraka tu, na aibu, na hukuweza kuiparuza R ile kwa mkono wako.

Kesho Ijumaa napanda basi la Kahama. Seremala Maduhu amenisaidia kuufunga mlango kwenye magunia mawili na ile pamba ya Bibi ambayo hukuitaka, safari hii haitachora kitu. Utapanda juu ya basi. Bibi amekataa kubaki peke yake na amekataa pia kwenda kwa jirani. Tunakwenda wote, na betri kwenye kikapu chini ya mihogo. Bwana Jilala Jumamosi atakuta gari lisilo na mlango wala betri, na turubai juu yake.

Jumatatu nitasimama mbele ya hakimu. Kuhusu herufi sina wasiwasi, Mjomba ataulizwa peke yake aseme R yake ikoje, nami nitaulizwa peke yangu, na maneno yetu yatakuwa mamoja. Lakini najua swali litakalofuata. Hakimu ataniuliza gari hili lilipakwa rangi na nani. Nitajibu, maana niliahidi kueleza kila kitu, na ahadi ile sikuitoa kwako peke yako kumbe. Kisha Mama atageuka kunitazama.

Niandikie kwa basi la Jumamosi au la Jumapili, kwa anwani ya Mama Kahama. Neno moja linatosha, na liandike kwa mkono wako, ubandike bahasha kwa ugali. Ule mlango wa kushoto, Baba, uliufunika au uliutunza?

Mwanao,
Mwaisha Sabiti